Watoto Waliojua Somo Kabla ya Mwalimu

Serikali imenikumbuka nikiwa bado natembea kwa miguu yangu mwenyewe, bahati ambayo wenzangu wengi hawakuipata. Barua ya kustaafu ilipofika, prefe wetu, mkuu wa shule, aliisoma mbele yangu kwa sauti ya msibani, ikabidi mimi ndiye nimpe pole. Siku ya kuagana, walimu wenzangu, mlinipikia wali na kuku, mkanifunga kitenge kipya, mkanisifu kwa maneno ambayo mngeyasema mapema yangenisaidia sana siku zile mlipokuwa mnanifichia chaki. Mwishoni mkaniomba niandike maoni yangu juu ya shule ya sekondari: itengenezwe namna gani ili watoto wetu wasome kweli?

Nimejaribu. Kila mtu hapa Kindu ana dawa yake ya sekondari. Mwenye duka la simu anataka kompyuta. Padri anataka nidhamu, imamu anataka nidhamu, wazazi wanataka nidhamu kwa watoto wa jirani. Prefe anataka madawati. Wote wana haki, na mimi nataka madirisha, maana nimefundisha miaka mingi katika darasa ambamo mvua ilikuwa inaingia bila kupiga hodi. Lakini mimi nina neno moja tu la kusema, na siwezi kulisema bila kuwaeleza nilikolipata. Mishahara sitaitaja, hadithi hiyo mnaijua na bado haijaisha. Vyeo navyo niliviona vikipita barabarani, tukasalimiana.

Nilianza kazi katika sehemu ya pedagojia, pale pale mtaani Kasuku, nikiwa binti mwembamba (msicheke) mwenye viatu vya kuazima. Kwa wale watakaosoma haya bila kuijua sehemu yetu, ndiyo inayowaandaa vijana wa sekondari wawe walimu wa shule ya msingi. Mkuu wa sehemu alikuwa Mzee Asumani, mtu mfupi mwenye rula ndefu. Rula hiyo hakumpigia mtu hata siku moja. Alikuwa anaiweka tu juu ya meza, na sisi tunanyooka. Siku yangu ya kwanza aliketi nyuma ya darasa mpaka kengele ikalia, nami nikamwaga kila nilichokuwa nimekisoma tangu kuzaliwa. Tulipotoka nje akaniuliza:

"Madamu, leo ndani ya darasa nani amejifunza?"

"Wanafunzi, Mzee."

"Aa! Wao wameandika. Mwenye amejifunza njo wewe, juu wewe njo ulisema."

Kwamba niliyejifunza ni mimi, kwa sababu ndiye niliyesema! Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, nikala sombe, yaani kisamvu, bila kusikia ladha yake. Kesho yake nilisema kidogo, wakaandika kidogo, na Mzee Asumani akaniuliza kama naumwa.

Lakini msidhani mzee huyo alikuwa mtu wa mageuzi. Alikuwa mtumwa wa hatua. Kwake somo lilikuwa na hatua zake, na hakuna kuchanganya: kumbusho, kivutio, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Ukiruka moja, rula inasogea. Na hatua aliyoipenda kupita zote ni ile ya tangazo la somo, ambapo mwalimu anawatazama watoto usoni na kuwauliza: "Leo tutajifunza nini?"

Hebu lifikirieni swali hilo. Mtoto wa darasa la pili ametoka kwao, amekula kiporo au hakula, ameketi. Atajuaje leo tutajifunza nini? Mwenye programu si mwalimu? Hata hivyo, popote ulipokwenda watoto walikuwa wanajibu kwa sauti moja: "Leo tutajifunza samaki!" Nao walijibu kwa sababu moja tu, kwamba jana yake mtu alikuwa amepita kuwafundisha jibu. Jambo hilo tuliliita kuandaa watoto. Kila finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa sita, alikuwa na zamu ya kutoa somo la majaribio mbele ya juri, yaani jopo la kutoa alama, na hakuna aliyethubutu kwenda mbele ya juri na watoto wabichi. Walipikwa kwanza, wakaiva, ndipo wakapakuliwa. Juri ilijua. Wazazi walijua. Hata watoto walijua, na wajanja kati yao walidai karanga kabla ya kukubali kujibu vizuri.

Halafu vita vikaja. Sitawaeleza vita, wazee wenu wapo, waulizeni mchana wakiwa wameshiba. Niseme tu yaliyotupata shuleni. Barabara zilifungwa, ndege zikaadimika, na gari la moshi lililokuwa linatuletea watu na chumvi kutoka kusini likafika siku moja, likasimama, halikuondoka tena. Chaki ziliisha. Tukakausha mihogo, tukawa tunaandika kwa vipande vya muhogo, na wakati wa mapumziko ilibidi mwalimu abaki darasani kuvilinda, maana kuna wanafunzi walioona ni dhambi kuchezea chakula. Ubao nao tuliupaka unga mweusi wa mawe ya redio, yaani betri, uliochanganywa na majani ya matembele yaliyopondwa. Ulitoka mweusi vizuri sana, ila ulinuka, na nzi walifuata masomo kuliko wanafunzi.

Shule ya msingi ya jirani, ambako tulikuwa tunaazima watoto wa majaribio, ilibaki na darasa moja tu. Wengine walikuwa wamekimbilia upande wa Lokandu au wameingia porini na wazazi wao. Darasa moja, na finalisti wote. Hapo ndipo akili yetu sisi walimu ilipofanya kazi: kila finalisti akapewa zamu ya kuandaa watoto hao hao. Asubuhi wakafundishwa samaki, kabla ya kurudi nyumbani chumvi, kesho yake jembe, kuku, usafi wa meno. Maskini watoto wale! Waliyajua masomo yote ya mwaka wa sita kuliko walimu wao.

Kati ya finalisti alikuwako msichana jina lake Mwamini. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia kutoka Tunda kwa miguu, wakapokelewa na shangazi yake hapa mjini. Akili alikuwa nazo, lakini woga wa kusimama mbele za watu ulikuwa unamla. Mwaka uliotangulia, siku ya somo lake, alifungua kinywa, akakifunga, akaketi chini. Juri ikamwangusha, akarudia mwaka. Na sheria ya shule yetu haikuwa na huruma: ukianguka tena katika darasa lile lile, unatolewa, na diploma uisahau. Siku moja tulikuwa tunaponda majani ya ubao, mimi na yeye, akaniambia:

"Madamu, nikikosa kuwa mwalimu, mi sijui nitakuwa nini."

"Utakuwa mukubwa wa matembele ya ubao," nikamtania.

Akacheka kidogo, kwa adabu. Lakini mimi moyo uliniuma, maana nilimpenda mtoto yule, na niliona mikono yake inavyotetemeka hata pale, mbele ya majani.

Mwenyekiti wa juri mwaka ule alikuwa Bwana Inspekta, mtu wa Kasai aliyekuja kwa kazi fupi na lile gari la moshi la mwisho, vita vikamfungia hapa. Alikuwa na suti moja, tai moja, na heshima iliyozidi nguo zake. Kila asubuhi alipita Kasuku amenyooka, tai shingoni, akiuliza habari za safari kwa watu waliokuwa hawana hata habari za chakula cha mchana. Mke na watoto wake walikuwa kule reli inakoanzia. Hakupenda kuwataja. Ukimuuliza, anaangalia saa yake.

Siku ya majaribio tuliketi nyuma ya darasa: Bwana Inspekta katikati, Mzee Asumani na rula yake upande wa kulia, mimi kushoto. Wa kwanza kuingia alikuwa Saidi, kijana wa maneno mengi. Akaweka kikapu mezani, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho kilikuwa kimoja kwa sehemu nzima. Kila finalisti alifunikia kitu chake hicho hicho, na katika maandalizi yote watoto walikuwa wamekizoea. Wakakiona, macho yakawaka.

"Watoto, leo tutajifunza nini?"

"Chumviii!" darasa zima likaitika, kwa mapenzi ya kweli.

Msiwalaumu. Siku hizo chumvi ilikuwa imepotea mjini, na aliyewaandaa kwa somo la chumvi alikuwa amewalambisha. Saidi akatabasamu kwa taabu, akafunua kitambaa. Kapitene mzima, amevuliwa mtoni Lualaba asubuhi ile.

"Hapana, angalieni muzuri. Hii iko nini?"

"Samaki!"

"Muzuri sana! Na samaki inatusaidia nini?"

Watoto wakatafutana kwa macho, kisha mmoja mwerevu akaamua kuokoa wenzake: "Inatusaidia kulima shamba!"

"Na tukitoka shamba tunaiosha udongo!" akaongeza mwingine, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mzee Asumani aliinamia rula yake, mabega yanacheza. Mimi nilijifanya nakohoa. Akaingia finalisti wa pili na kuku wake, watoto wakamhakikishia kwamba kuku anapumulia matamvua na kwamba asuguliwe kwa mswaki kila baada ya kula. Kuku mwenyewe alikuwa anasikiliza. Hapo nilishindwa, nikatoka nje kucheka, nikarudi nikiwa nimepanguza machozi. Bwana Inspekta peke yake hakucheka. Alisimama, akavuta tai yake.

"Inatosha! Hii haiko masomo, hii iko teatre! Nani anafuata?"

Anayefuata alikuwa Mwamini. Alikuwa amesimama mlangoni na jembe lake chini ya kitambaa kile kile, na kucheka kukaniishia mara moja.

"Weka hiyo inje," akasema Bwana Inspekta. "Na kitambaa." Akaenda kwenye tundu tulilokuwa tunaliita dirisha, akatazama upande wa reli. Mabehewa yalikuwa yamesimama kule kwenye nyasi ndefu. Watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wameyafanya nyumba, wameanika mihogo kwenye ngazi na nguo madirishani. "Utafundisha gari ya moshi. Sasa hivi."

Nikafungua kinywa ili nimtetee, nimweleze Bwana Inspekta kwamba huyu si wa kufanyiwa hivyo, huyu mwaka huu ndio wake wa mwisho. Rula ya Mzee Asumani ikanigusa mkono. Nikafunga.

Mwamini akasimama mbele ya ubao. Mikono ikaanza. Akafungua kinywa, akakifunga, nami nikajisemea basi, ni yale yale ya mwaka jana, mtoto wa watu amekwisha. Kisha, kwa kukosa kingine cha kushika, akalishika lile swali ambalo sote tulikuwa tumelikariri:

"Watoto, leo... leo tutajifunza nini?"

Watoto wakatafuta kitambaa, hakuna. Wakatazama meza, tupu. Ndipo kasichana kamoja ka mbele, kwa upole kabisa, kama kanamhurumia, kakasema:

"Madamu, hatujui. Haukutufundisha hii jana."

Mwamini akacheka! Alicheka kwa sauti, pale pale mbele ya juri, na nilipomtazama mikono yake ilikuwa imetulia.

"Kweli," akasema. "Hata mi sikujua. Bwana Inspekta njo amesema sasa: gari ya moshi. Kujeni kwa dirisha tuione."

Watoto kukimbilia dirishani katikati ya somo la majaribio! Hatua hiyo haimo popote. Mzee Asumani alishika rula yake kwa mikono miwili. Na maswali yakaanza, wala si ya mwalimu, ni ya watoto.

"Madamu, zile manyumba ziko na magurudumu juu ya nini?"

"Haziko manyumba. Njo gari ya moshi. Ilikuwa inatembea."

"Uongo!"

"Kweli kabisa. Ilikuwa inatembea na watu ndani."

"Na kona, inakata namna gani? Mi naona haina usukani."

Mwamini akafikiri. Sisi wote tulifundishwa kwamba mwalimu akikosa jibu atumie sauti kubwa. Yeye hakuitumia.

"Hiyo, mi sijui," akasema. "Mi nilitoka Tunda na miguu, sijaipanda hata siku moja." Akatazama huku na huku, akatutazama sisi nyuma, akafanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona kabla ya siku ile. "Bwana Inspekta, wewe uliipanda?"

Juri haisemeshwi. Juri ni kama ukuta: ipo, inakutazama, huiulizi kitu. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, Bwana Inspekta alikuwa amesimama. "Haina usukani," akaanza kwa ukali, "juu reli njo inaiongoza." Mtoto akamuuliza kama inalia. Inalia. Inalia namna gani? Na mheshimiwa yule, tai shingoni, akaweka mikono mdomoni akapiga honi ya gari la moshi, darasa likalipuka kwa makofi. Basi akaja mbele mwenyewe. Akachukua kipande cha muhogo, akachora injini ubaoni, akawaeleza moto na maji, akawaeleza akina mama wanaokimbia kandokando na ndizi vichwani kila gari linaposimama, na jogoo aliyemnunua dirishani akamtoroka kabla ya kituo cha pili. Watoto walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Mwamini alikuwa anauliza pale wao waliposhindwa kuuliza, na waliporukiana maneno alikuwa anampa zamu yule aliyenyamaza.

Kisha kale kasichana ka mbele kakauliza: "Na kule mwisho ya reli, kuko nani?"

"Kuko watoto yangu," akasema Bwana Inspekta.

"Wanakungojea?"

Akaangalia saa yake, kama kawaida. Safari hii haikumsaidia.

"Wananingojea," akajibu.

Mwamini hakukimbilia muhtasari. Alingoja. Halafu akawauliza watoto polepole: "Tumuambie Bwana Inspekta nini?" Hakuna aliyekuwa amewaandaa. Mmoja akasema pole, mwingine akasema utawaona, wa tatu akasema siku itatembea utuite na sisi. Mimi nililia pale pale kwenye kiti cha juri, wala sikujificha.

Tulipojitenga kutoa alama, Bwana Inspekta alikuwa amenawa uso na kurudi kuwa mtu wa sheria. Muhtasari hakuna, akasema. Zoezi hakuna. Tangazo la somo, watoto hawakujibu. Na saa ya somo imepita sana.

"Bwana Inspekta," nikasema, maana nilikuwa nimechemka, "hiyo saa nani aliikula?"

Alinitazama vibaya. Hapo Mzee Asumani, mtumwa wa hatua, mtu ambaye angemwangusha mama yake mzazi kwa kuruka kumbusho, akaweka rula chini.

"Watoto walijibu," akasema. "Walisema hatujui. Toka nianze hii kazi, njo mara ya kwanza mutoto anajibu ukweli kwa ile swali."

Bwana Inspekta akakunjakunja ncha ya tai. "Apite," akasema mwishoni. "Lakini muhtasari ajifunze." Akampa alama ya mwisho kabisa ya kupita, chini yake kuna kuanguka tu. Nilitoka mbio nikamwambia Mwamini, akakaa chini kwenye vumbi na sare yake nyeupe, akalia, akacheka, akalia tena. Diploma yake aliipata chupuchupu namna hiyo, na hakuna ninayoijua iliyopatikana kwa haki kuliko hiyo.

Vita vilipotulia na reli ikapona, Bwana Inspekta alikuwa wa kwanza kituoni. Siku hizi gari la moshi linakuja likijisikia kuja, nanyi mnalijua kwa uvumi kuliko kwa macho. Lakini somo la gari la moshi lilibaki, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, enyi mliokula kuku wangu wa kuagana.

Somo lile lilisifika. Likawa somo la mfano. Sehemu nzima ikakaa kikao, tukalipiga chapa kwa mashine, tukaliwekea hatua. Kati ya tangazo la somo na uchambuzi tukaongeza hatua mpya, iliyoitwa "watoto hawajui". Siwacheki ninyi peke yenu. Nilikuwamo kwenye kikao, na hata chai nililetewa. Mwaka wangu wa mwisho nikakaa tena kwenye juri, kiti kile kile cha kushoto. Kiti cha katikati amekalia Mwamini, ambaye sasa ndiye inspekta, na msidhani nimezoea kumwita hivyo. Finalisti akaingia, nadhifu, karatasi zake sawa. Akawatazama watoto.

"Leo tutajifunza nini?"

"Hatujui, Madamu!" darasa zima likaitika kwa wimbo mmoja. "Haukutufundisha hii jana!"

Wakacheka pale pa kucheka. Wakakimbilia dirishani kwa mstari, mdogo mbele mkubwa nyuma. Dirisha la darasa lile linatazama choo. Mtoto wa kwanza akanyoosha kidole kwenye choo akauliza kwa sauti ya kukariri mbona zile nyumba zina magurudumu. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mwamini hakucheka.

"Madamu," akaninong'oneza, "hata kutojua tumeigeuza ya kukariri."

Neno langu basi ni hilo. Leteni kompyuta, leteni madawati, na madirisha msiyasahau. Lakini kama tutaendelea kumpa mtoto jibu kabla ya swali, kompyuta itatusaidia tu kuitika kwa haraka zaidi. Na msiseme haya ni ya shule ya msingi. Huko sekondari tunafanya nini? Tunaamuru wanaandika, wanakariri, siku ya mtihani wanaturudishia maneno yetu, nasi tunayasahihisha maneno yetu wenyewe na kujipa alama nzuri. Mtoto yuko wapi hapo? Sijamwona.

Mwamini amechukua hatua, na mnajua kelele iliyoko. Kuanzia sasa hakuna kuandaa watoto. Finalisti atapewa somo lake asubuhi ile ile, mlangoni. Akianguka, ameanguka. Wazazi wamelalamika, na wengine wenu mmemwita mkatili. Mimi nimelala usingizi mzuri tangu niliposikia.

Juzi finalisti wamenijia nyumbani, ujumbe mzima, wamevaa sare, nanasi kubwa mkononi. Msemaji wao alikuwa Sifa, msichana wa maneno yaliyopangwa vizuri. Wamesikia kwamba Inspekta alikuwa mwanafunzi wangu. Basi niende nimuombe alegeze kidogo, kwa mwaka huu tu. Nikamenya nanasi lao huku nikiwasikiliza, maana kukataa nanasi ni utovu wa adabu. Nilipomaliza nikawaambia siendi. Wakasikitika. Sifa akaacha yale maneno yaliyopangwa.

"Madamu, mi naogopa," akasema. "Nikipewa kitu sikijui? Na mutoto akiniuliza mbele ya watu wote, na sina jibu? Nitafanya nini?"

"Siku hiyo, mwanangu, njo utaanza kazi."

Wenzake wakacheka, wanajua mimi ni mtu wa utani. Sifa hakucheka. Alinitazama usoni, akili yake inafanya kazi, naiona.

"Na wewe Madamu," akauliza, "ulianza siku gani?"

Kwa swali hilo hakuna aliyekuwa ameniandaa. Niliweka kisu chini, nikamsogezea kiti, nikamwambia akae.